FOROSADI UANI: HISTORIA FUPI YA MICHE YETU



Kamati ya kijitabu hiki imegawa kazi. Mwenzetu mmoja kapewa habari za hisa, mwingine za mikopo, mwingine za sare na sherehe. Mimi nimeambiwa niandike habari za miche. Wapo waliocheka. Miche nayo ina historia? Lakini aliyekuwepo katika mkutano wetu wa mwaka wa tatu, ule uliokaribia kutuvunja, anajua kwamba siku ile hatukugombana kwa ajili ya riba, wala kwa ajili ya mtu aliyekimbia na mkopo. Tuligombana kwa ajili ya vitunda vidogo vyekundu. Na aliyeumia siku ile hajaombwa radhi mpaka leo. Kwa hiyo historia ipo, na mimi nitaianzia mbali kidogo ili ieleweke vizuri.

MJI WENYE MAJINA YA MITI

Sisi wa Magogoni na Kariakoo tunakaa katika mji ambao miti imeupa majina. Mnazi Mmoja ni mnazi. Mtaa wa Mkunguni ni mkungu. Mtaa wa Mchikichi ni mchikichi. Ukitoka nje kidogo utakuta Mwembechai, Mkwajuni, Mbuyuni, na kule Gongo la Mboto kuna Mzambarauni. Mzee akimwelekeza mgeni alimtajia mti, maana nyumba ilibomolewa na kujengwa, lakini mti ulikuwa pale pale.

Kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, pwani hii ilikuwa na kijiji cha Mzizima, watu wakivua na kulima. Matunda madogo ya kuchuma kwa mkono yalikuwa ya kawaida kabisa pwani nzima: kunazi, zambarau, bungo, fulu. Mkunazi ulikuwa na heshima yake, maana mbali ya tunda, majani yake hutumika kuoshea maiti. Mzambarau asili yake ni Bara Hindi, nao ulivuka bahari ukapendwa hata tunda lake likatupa jina la rangi. Leo mtoto wa shule anasema "rangi ya zambarau" hata kama hajawahi kuionja zambarau yenyewe.

Na forosadi je? Hilo ni tunda la mti ambao huko China majani yake yamelisha nondo wa hariri kwa maelfu ya miaka. Jina lake sisi tumelipata kwa Waarabu. Tunda likiwa bichi ni la kijani, linakuwa jekundu, likiiva linakuwa jeusi, tamu, na juisi yake ikidondokea kanga nyeupe hiyo kanga imekwisha. Kila mmoja wetu aliyepata kuwa mtoto katika ua wenye mforosadi anakumbuka kuchapwa kwa sababu ya nguo.

BUSTANI YA WAJERUMANI

Karibu kabisa na sisi, hapa kwenye Barabara ya Samora, ipo bustani ambayo wengi tunapita tu bila kuingia. Ni Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1940. Bustani ni ya zamani zaidi. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, miaka miwili tu baada ya kuhamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Hawakuianzisha kwa ajili ya maua. Walitaka kujaribu mimea ya nchi nyingine waone ipi itashika katika udongo wetu na joto letu, ili baadaye ilimwe mashambani kwa faida yao. Mwaka 1902 wakaanzisha na kituo kikubwa zaidi kule Amani, katika milima ya Usambara, ambako kuna ubaridi na mvua nyingi. Kwa hiyo hata hao wenye serikali na fedha walijua kwamba mmea wa mlimani una mahali pake na mmea wa pwani una mahali pake.

Mwaka huo huo wa 1893 kulitokea jambo ambalo sisi wanunuzi wa miche inafaa tulikumbuke. Mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vikapita Hamburg, vikaja kwa meli mpaka pwani ya Tanga. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Sitini na mbili katika elfu! Lakini hivyo 62 vilitunzwa, vikazaa, na kutokana navyo ikaja biashara yote ya katani, hata katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Jasho lilikuwa la manamba na faida ilikwenda kwingine, hilo tunalijua. Ninachotaka mkishike ni hiki: kufa kwa miche njiani si jambo geni, wala si lazima awepo mwizi ndipo miche ife.

UA WA KARIAKOO

Kariakoo yenyewe ilikuwa shamba la minazi. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifanya jina kuwa Kariakoo. Wengi wa wapagazi wale hawakurudi makwao. Baadaye viwanja vikapimwa, na zikaota nyumba za Kiswahili kama tunavyozijua: ukumbi katikati, vyumba sita, mitatu huku na mitatu kule, na nyuma kuna ua.

Ua ndio uliokuwa mahali pa mwanamke. Jiko lilikuwa uani, choo uani, kufua uani, kusukana uani. Na mti mmoja au miwili ya kivuli: mwembe, mpera, mstafeli, mkomamanga, mforosadi. Wanawake wengi wa mji huu walikuwa na nyumba zao wenyewe, wakipangisha vyumba. Upatu ulichezwa chini ya miti hiyo. Vikundi vya lelemama na ngoma vilikutana humo, na ilipokuja TANU, Bibi Titi Mohamed aliwapata wanawake wa kuwahamasisha mwaka 1955 kupitia vikundi hivyo hivyo. Kwa hiyo anayetuambia kwamba vikundi vya akina mama vililetwa juzi na wafadhili, mwambieni aulize vizuri. Mtindo wa sanduku lenye kufuli tatu na vitabu vya hisa umekuja nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, hilo kweli. Lakini kuaminiana kwa fedha kulikuwepo uani tangu zamani.

Enzi zile miche haikununuliwa. Ukiupenda mforosadi wa jirani unabisha hodi, unakatiwa kijiti, unakwenda kukichomeka karibu na maji ya kuoshea vyombo. Kikishika, umeshapata mti. Kisiposhika, unarudi kuomba kingine. Tofauti ilianza pale mji ulipojaa na chakula kikawa taabu. Mwaka 1972 ikaja "Siasa ni Kilimo" kutoka Iringa. Ukame ulipoingia, mwaka 1974 na 1975 ikawa "Kilimo cha Kufa na Kupona", na hata sisi wa mjini tukaambiwa tusiache kipande cha ardhi kikae bure. Miaka ya 1980 mshahara wa baba haukufika hata nusu ya mwezi. Akina mama ndio waliobeba nyumba kwa vitumbua, barafu, kuku, na mchicha wa nyuma ya nyumba. Hata Serikali ikaona jambo hili halizuiliki, na mwaka 1992 zikatolewa kanuni za kilimo cha mjini.

Soko letu kubwa la Kariakoo, lililochorwa na mtaalamu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, nalo likawa kitovu. Maduka ya mbegu na dawa za mimea yakazunguka soko, na wauza miche wakajipanga kando ya barabara kubwa na viriba vyao. Hivyo tukahama kutoka katika kuomba kijiti tukaingia katika kununua mche. Na ukishanunua, unaweza kulaliwa.

MICHE ILE YA STROBERI

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mwaka wetu wa tatu tulikuwa na fedha kidogo katika mfuko wa jamii. Mwanachama mmoja akaja na picha ya kalenda, stroberi nyekundu zimejaa kwenye bakuli. Akasema zinalimwa hata kwenye ndoo, na hoteli za mjini zinanunua. Alichosema hakikuwa uongo. Stroberi zinalimwa nchini mwetu, Lushoto, Arusha, Iringa, Njombe, na zinauzwa bei nzuri. Tukapiga kura. Nataka iandikwe: mikono yote iliinuka, na wangu ulikuwemo.

Mweka hazina wetu wa wakati ule akatumwa kununua. Aliuliza katika mkutano, "Jamani, hiki kitu si cha baridi?" Tukamwambia asituvunje moyo. Akaenda kwa muuzaji, ambaye sitamtaja, naye akamwambia, "Mama, hii haina shida, miezi mitatu unakula." Miche 48 ikaja kwa basi, ndani ya maboksi, safari ya siku nzima kwenye joto. Tukagawana, tukapanda kwenye ndoo zilizotobolewa, tukamwagilia kwa bidii maji ya kisima.

Baada ya wiki sita ikabaki miche mitatu. Nayo ilikuwa majani tu.

Mkutano uliofuata ulikuwa mbaya. Kila mtu akasahau mkono wake. Wakasema mweka hazina kanunua miche ya bei rahisi akatia tofauti mfukoni. Alitoa risiti, wakasema risiti inaandikwa na mtu. Katika kitabu cha mihtasari ikaandikwa kwamba fedha za mfuko zimepotea "kwa uzembe wa mweka hazina". Yule mama hakujibu kwa ukali. Aliuza doti zake za kanga, akarudisha fedha zote, akajiuzulu. Wawili wengine wakatoka pamoja naye.

Miezi kadhaa baadaye tulikutana na bwana shamba, tukamsimulia. Alisikiliza akatikisa kichwa. Akasema, kwanza, stroberi hutaka usiku wa baridi ili itoe maua vizuri, na Dar es Salaam hakuna usiku wa namna hiyo. Pili, akauliza tulimwagilia maji gani. Tukasema ya kisima. Akasema visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na katika mimea yote ya matunda, stroberi ni miongoni mwa inayoshindwa kabisa na chumvi. Kumbe tulikuwa tunaiua kila asubuhi kwa mikono yetu, kwa upendo. Tungenunua kwa muuzaji mwaminifu kuliko wote, ingekufa vile vile.

Tulirudi nyumbani kimya. Lakini hakuna aliyefungua kitabu cha mihtasari kusahihisha.

KIFURUSHI CHA VIJITI

Mwaka wa tano yule mama alirudi, bila kuitwa. Nyumba ya marehemu mama yake pale Kariakoo ilikuwa inauzwa, warithi wamekubaliana, na ghorofa linapanda. Uani kulikuwa na mforosadi aliouchomeka bibi yake. Kabla mafundi hawajaingia, alikata vijiti, akavifunga katika gunia lililoloweshwa, akaja navyo mkutanoni. Akasema, "Mkipanda hivi havitawaaibisha. Hii mti naijua." Akaketi mahali pake pa zamani.

Vijiti vile havikununuliwa hata kwa shilingi. Vingi vilishika. Leo miti iliyotokana navyo ipo Mbagala, Kigamboni, Chanika na Gongo la Mboto, kila mahali wanachama wetu walikohamia baada ya vyumba vya Kariakoo kuwa maduka. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 wengi wetu walivuka kwenda kutafuta kiwanja, na ua ukahama pamoja nao. Juisi na jemu ya forosadi tunayouza kwenye mikutano ya kata inatoka kwenye mti mmoja ambao mahali pake sasa ni stoo ya vitambaa.

TULIYOJIFUNZA KATIKA KUCHAGUA NA KUNUNUA

Ili wanachama wapya wasianze upya, naweka hapa yale ambayo tumeyalipia ada:

1. Uliza kwanza mahali, ndipo uulize bei. Stroberi na jamaa zake wa nchi za baridi wabaki milimani. Pwani inawafaa forosadi, kunazi, zambarau, komamanga.

2. Pima ua wako. Mzambarau ni jitu, unapita paa la nyumba, na ukiupanda kwa mbegu utasubiri miaka mingi. Kiwanja kidogo kichukue mforosadi, maana unavumilia kukatwa na huzaa kwenye matawi mapya. Lakini uwe mbali na ukuta, shimo la choo na kamba ya nguo.

3. Ujue mama wa mche. Iko miforosadi dume isiyozaa kabisa. Kata kijiti kwenye mti uliouona na matunda yake. Kunazi iliyooteshwa kwa mbegu inaweza kutoka chachu hata kama mama yake ni tamu, hivyo nunua mche uliobebeshwa, na uangalie kovu la kiungo kwa macho yako.

4. Usidanganywe na urefu. Mche mrefu katika kiriba kidogo umekaa siku nyingi, mizizi imejizungusha ndani. Chagua ulio na shina nene na majani safi, geuza majani uangalie wadudu upande wa chini, na tazama kama mizizi haijatoboa kiriba ikaingia ardhini.

5. Kijiti cha forosadi kiwe na unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, macho matatu au manne. Zika macho mawili, kiweke kivulini, udongo usikauke wala usitote.

6. Panda mvua zikianza, masika au vuli. Shimo liwe futi 2 kwa futi 2, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza.

7. Onja maji ya kisima chako kabla ya kuanza mradi wowote. Ulimi hauna gharama.

8. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla hujapanda mti. Na kama kiwanja ni chako, fuatilia hati iwe na jina lako. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mti wa miaka ishirini juu ya ardhi isiyo na karatasi unaweza kuondoka kwa siku moja.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Sisi tumeona pia kwamba haraka huvunja upishi, na picha ya kalenda huvunja upishi.

KUSAHIHISHA

Soko la Kariakoo liliungua usiku mmoja wa Julai 2021, na baadhi yetu walipoteza mali pale. Nyumba za ukumbi na vyumba sita zimebaki za kuhesabu. Mji huu unafuta haraka, na kisichoandikwa kinapotea. Ndiyo maana nimekubali kuandika habari hizi.

Naomba basi, kwa idhini ya mwenyekiti na wanachama wote, kijitabu hiki kisimame mahali pa ule mstari wa mwaka wa tatu. Fedha zile hazikupotea kwa uzembe wa mweka hazina. Aliuliza swali la maana, sisi hatukumsikiliza. Risiti yake ilikuwa ya kweli. Alirudisha fedha ambazo hakuwa anadaiwa, na ninapendekeza katika mkutano wa maadhimisho zipigiwe kura za kurudishwa kwake kutoka katika mfuko wa jamii, na mikono iinuke kama ilivyoinuka siku ile.

Mwenyewe nilimwambia kwamba naandika. Amenikataza kutaja jina lake. Akasema, "Dada, wewe waandikie tu wapogoe miti kabla ya masika, naona wameiacha imekuwa kichaka." Basi nimeandika na hilo.

Haba na haba hujaza kibaba, na kijiti kwa kijiti hujaza ua. Mungu akibariki kikundi chetu kwa miaka kumi mingine.